Siku Kilo Iliisha

Muganga alitundika mujukuu wangu kwenye ndoano ya balansi, ndani ya ile suruali ya kitambaa yenye matundu mawili, na mutoto akaanza kupiga miguu hewani kama kuku wa soko. Mushale ukatetemeka, ukasimama. Muganga akaangalia, akaandika kwenye fishi, akasema bila kuinua kichwa:

"Tate, angalia. Kilo inaisha. Huyu mutoto, kilo inaisha."

Binti yangu, mama ya mutoto, akaanza kuuliza mambo ya maziwa na ya dawa ya minyoo. Mimi sikusikia kitu. Masikio yangu ilikuwa imetoka pale kwenye benchi, imekimbia mpaka kwenye kiwanja ya ndege, asubuhi moja ya vita, na mudomoni nilikuwa naonja vumbi na mafuta ya ndege.

Ninyi wenye mulikuwa watoto wakati ule, munanijua hata kama hamunijui. Tuko wa rika moja, rika ya watoto wenye walijua mulio wa bunduki hii na ile mbele ya kujua kugawanya. Masomo yangu ilisimama mwaka wa tatu wa primere, siku walimu walikimbia, na kwangu haikufunguka tena. Sasa niko tate, nyanya mwenye mujukuu, na miaka makumi ine sijafikisha. Usicheke. Mimi nilizaa nikiwa mudogo, binti yangu naye hakungoja mutu. Watu wananikuta sokoni na mutoto mugongoni, wananiuliza, "Huyu ni wa mwisho?" Ninawajibu, "Ni wa kwanza! Wa kwanza wa wajukuu. Munataka muone karte yake ya kuzaliwa?" Ninajivuna naye kama mutu mwenye aliokota dhahabu katikati ya barabara.

Basi, neno hili kilo. Kwa watu wote kilo ni uzito. Kwetu nyumbani haikuwa uzito. Unga tulipima na kopo, mafuta ya ngazi, ile ya mawese, na chupa, sukari na kikombe, na nyama tulipima na macho, tukiiangalia inapita kwenda kwa wengine. Hata dhahabu Papa hakupima na kilo. Alikuwa na mizani mudogo kama vifuniko viwili vya chupa vimefungwa na uzi, upande huu anaweka njiti ya kiberiti, upande ule unga wa dhahabu. Kwa hiyo mimi, Kilo nilijua moja tu. Kilo ilikuwa fasi. Ilikuwa kule, njia ya Mongbwalu, kwenye milima na udongo mwekundu, fasi Papa wangu alikuwa anachimba. Mutu akiniuliza, "Baba yako iko wapi?" nilijibu, "Iko Kilo." Majirani walimuita Papa Kilo. Na siku alikuwa anatokea kule mwisho wa njia, na mufuko wake begani, watoto wote wa avenue yetu walikuwa wanakimbia wakipiga kelele:

"Kilo imerudi! Kilo imerudi!"

Mwenye aligusa mufuko kwanza, yeye njo alikuwa na haki ya kuubeba, na kukatiwa muwa wa kwanza. Nilikuwa na miguu mirefu. Karibu kila mara niligusa mimi. Ule mufuko ulikuwa na harufu ya udongo wenye haujawahi kuona jua. Mupaka leo, mutu akichimba choo jirani na kwangu, ninasimama nanusa kama mbwa.

Wanaume wa avenue walikuwa wanakuja jioni kukunywa pombe ya mandro na Papa, na wanamutania. "Papa Kilo, umetuletea nini?" Na yeye anajibu maneno ile ile kila mara, na wanacheka ile ile kila mara:

"Ndugu zangu, miaka yote hii niko Kilo, na kilo yenyewe sijaiona hata siku moja!"

Mimi sikucheka. Nilihuzunika. Mutu anaweza aje kukaa Kilo na hajaona Kilo? Nikafikiri ni kwa sababu anashinda ndani ya shimo, anaingia jua haijatoka, anatoka jua imekwisha kulala. Siku moja nilimushika mukono, nikamuambia, "Papa, ukifika, siku ya kwanza usiingie kwenye shimo. Ukae juu, uangalie." Alicheka mupaka akafuta macho. Hakunieleza. Akasema tu, "Ndiyo, mama. Nitaangalia kwa ajili yako."

Vita ilimukuta Papa kule. Kwanza malori iliacha kupita, halafu pikipiki, halafu watu wa miguu. Mwisho hata habari iliacha kupita. Njia ya Kilo ilikuwa kama kisima chenye unatupa jiwe na husikii maji.

Bunia nayo, muji wetu, ilibaki na mulango mumoja tu, ule wa juu. Mwenye alitaka kutoka, atoke na ndege. Na mwenye alijua mambo ya ndege kwetu alikuwa Noko, kaka ya Mama, mwenye alikuwa anapakiza mizigo kwenye kiwanja. Hakuwahi kupanda ndege hata moja, lakini ungemusikiliza ungefikiri yeye njo alizifundisha kuruka. Jioni alikuwa anakuja kula kwetu, ananuka mafuta, anakaa karibu na moto, na anamupimia Mama safari kwa sufuria.

"Dada, weka maji ya bugali kwenye moto. Umeweka? Haya, ndege imetoka Bunia. Maji inaanza kuimba: ndege iko juu ya Komanda. Unamwanga unga: iko juu ya pori ya Eringeti, miti kama majani ya sombe yenye imetwangwa. Unageuza bugali kwenye sahani: magurudumu imegusa Beni. Watu wanashuka, hata jasho hawana."

"Na Goma?" Mama anauliza, anajua jibu.

"Goma ni maharagi. Lakini maharagi mapya, si ile ya mwaka jana."

"Na Kinshasa?"

"Aa, Kinshasa ni miguu ya ngombe! Unaweka, unaenda kulima, unarudi, bado. Na kule saa yao iko nyuma ya yetu. Unafika, wanakuambia, rudisha saa yako nyuma saa moja."

Jambo hilo la saa lilinisumbua siku nyingi. Ile saa moja wanairudisha kwa nani? Lakini nilikuwa na swali lingine lenye nilikuwa nimelichunga, na jioni moja nikaliuliza.

"Noko, na Kilo?"

Mama akaacha kusonga bugali.

"Kilo?" Noko akasema. "Kilo ni karibu sana, mama. Kwa ndege, maji haijaimba bado." Halafu akaona macho ya Mama, akaanza kusukuma kuni zenye hazikuhitaji kusukumwa. "Lakini sasa hakuna ndege yenye inaenda kule."

Mimi nilishika ile ya kwanza, ile ya pili niliiacha ipite. Maji haijaimba bado! Beni ilikuwa bugali nzima, na Kilo haikufika hata maji ya moto. Kwa hiyo ndege ya Beni ingeweza kukunja shingo kidogo tu, ishuke, imuchukue Papa, na bugali ya Mama isiungue. Mutu mukubwa mwenye akili angekataa aje?

Siku Mama aliniambia tumepata fasi mbili kwenye ndege ya Beni, mimi na yeye, sikulia kama watoto wengine. Nilivaa shati ya Papa chini ya kanzu yangu, ile ya kijani yenye kola imekatika. Nilitaka, ndani ya ndege, iketi kwenye kiti ya tatu, kando yetu, ichunge fasi yake mupaka tumufikie.

Asubuhi ile, kiwanja ilikuwa imejaa watu kama siku ya Noeli. Ndege ilikuwa ndogo. Kwa ajili ya udogo wake walikuwa wanapima kila kitu, si mizigo tu, hata watu. Unapanda juu ya balansi, halafu mufuko wako peke yake, mupimaji anapiga kelele, na karani mwenye anasimama karibu na mulango wa ndege anaandika. Wamama wengine walikuwa wamevaa vikwembe vitano, sita, mupaka mikono inasimama mbali na mwili. Mupimaji alikuwa anawacheka. "Mama, hata uvae soko nzima, balansi inaona!"

Mama akapanda.

"Kilo?" karani akauliza.

"Makumi sita na moja!" mupimaji akajibu.

Roho yangu ikaruka. Walikuwa wanaulizana habari ya Kilo! Wote wawili, wazi, mbele ya watu! Nikafikiri wanahesabu watu wenye wanangojea ndege kule. Mimi nikapanda.

"Kilo?"

"Makumi mbili na mbili!"

Nikamuvuta mupimaji suruali. "Na Papa wangu iko ndani?"

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya wale makumi mbili na mbili."

Akaniangalia, akamuangalia Mama. "Mama, huyu mutoto iko na malaria?"

Mama akanivuta sikio, tukasimama kando, mufuko wetu ukapimwa, ukapelekwa kwenye ndege. Tulikuwa tumekwisha kuandikwa. Nyuma yetu alikuwa mama mumoja muchuruzi wa sokoni, mukubwa, mweupe wa mafuta ya kujipaka, na mafurushi mawili ya vikwembe. Akapanda kwenye balansi. Mupimaji akaangalia, akamugeukia karani. Karani akaangalia karatasi yake, akakunja mikono kama msalaba.

"Kilo imeisha!"

"Bongo! Uongo mutupu!" mama akasema. "Kilo haiwezi kuisha!"

"Minakuambia imeisha. Imeisha kabisa. Hakuna yenye imebaki."

"Imeisha saa ngapi? Asubuhi waliniambia kilo ingaliko!"

"Asubuhi ni asubuhi. Imeisha sasa hivi, mbele ya macho yangu."

Na yule mama, mutu muzima na saa ya dhahabu mukononi, akaweka mikono juu ya kichwa, akalia kama kwenye matanga: "Ee Mungu wangu, kilo imeisha! Mimi nitaenda wapi?"

Siku zile tulikuwa tunajua maana ya fasi kuisha. Tulikuwa tunasikia kila juma: kijiji fulani imeisha, kule nako kumeisha. Sikujiuliza mara mbili. Nilifungua kinywa na nikatoa sauti yenye sikujua kama niko nayo.

"Papa amekufa! Kilo imeisha! Papa amekufa!"

Mustari wote ukanigeukia. Mwanamuke mumoja nyuma, mwenye hakunijua, akaanza kumulilia mutu wake mwenyewe. Mama akanipiga kofi ya mudomo, kofi ya kurudisha neno ndani. Kwetu haumutaji mutu kifo na hujaona mwili wake. Neno hilo likitoka linaenda kumutafuta. Lakini lilikuwa limekwisha kutoka, na mimi nikatoka nalo. Nilikimbia chini ya bawa ya ndege, nikapita mapipa ya mafuta, nikakata majani, kuelekea upande wa njia ya Mongbwalu. Nyuma nilisikia Mama anaita jina langu, na kiatu moja tu inapiga chini, pa, pa, pa. Ile ingine alikuwa ameipoteza.

Walinikamata kwenye miti ya kalitusi, Mama na Noko. Nilikuwa na miguu mirefu, nimekwisha kuwaambia. Na wakati walinikamata, nyuma yetu mashini ikaanza kuunguruma. Tukageuka. Yule mama muchuruzi alikuwa anapanda ngazi. Makumi sita na moja yake Mama, makumi mbili na mbili yangu, na uzito wa mufuko wetu wenye waliushusha na kuutupa kwenye majani: alitosha, na furushi moja juu. Ndege ikakimbia, ikainua pua, ikaenda. Noko akasema polepole, kama mutu anasali:

"Maji imewekwa kwenye moto."

"Mutoto wa shetani," Mama akaniambia, anahema. "Kwa nini? Niambie kwa nini!"

Nikamueleza. Kilo, wale makumi mbili na mbili, karani mwenye aliona Kilo inaisha mbele ya macho yake. Noko ndiye alielewa kwanza. Akapasuka kicheko, akashika muti. "Kilo ya balansi, mama! Uzito! Ee, huyu mutoto! Kilo ya balansi!" Mama naye akaketi chini, akacheka, bega zake zinaruka, uso ndani ya kikwembe. Alicheka muda murefu. Nikaona haya mupaka kwenye vidole vya miguu, lakini nikafurahi pia. Kama wanacheka, basi Kilo ingaliko.

Ndege ingine hatukupata. Juma ile mapigano ilifika karibu na kiwanja, ndege ikaacha kuja, na siye tukatoka kwa miguu. Siku kumi na moja, Bunia mupaka Beni. Ninajivuna nazo hizo siku, niseme wazi. Kuna watu wanajivuna na diplome, mimi niko na ile njia kwenye nyayo zangu. Sitaeleza yote tuliyoyaona. Ninyi wengine muliyaona, na wengine hamuhitaji. Mama hakunilaumu hata mara moja. Ila siku ya ine, tulipofika Komanda, miguu imevimba kama mukate, alisimama akaangalia juu, mbingu tupu, akasema, "Hapa maji ilikuwa inaanza kuimba." Na kwenye pori ya Eringeti, tumelala chini ya turubai ya watu na mvua inatupiga mbavu: "Hapa tunamwanga unga." Hatukuwa na unga. Tulicheka tumbo tupu. Beni ilipoonekana, Mama alishika kichwa changu na mikono miwili na kukigeuza, kama anageuza bugali kwenye sahani.

Kule Beni, kila ndege ilipopita nilikuwa natoka nje. Nilikuwa nahesabu ndani ya kichwa: imetoka Bunia, imeimba, imemwanga. Papa hakushuka.

Tulirudi Bunia wakati bunduki zilichoka. Watu wa Kilo walianza kutokea mumoja mumoja, wembamba, na mifuko yao. Watoto wapya wa avenue hawakuwajua, hakuna mwenye alikimbia. Mwenzake Papa mumoja alikuja kukaa kwenye kiti yetu, akazungusha kofia mikononi. Alisema mara ya mwisho alimuona Papa anafunga kamba za mabuti. Papa alimuambia, "Ninashuka Bunia kwa miguu, kuangalia mutoto wangu." Basi. Hakuna kaburi, hakuna mutu mwenye aliona zaidi.

Na mimi, ndani yangu, nilijua nani alimuuwa. Ni mimi. Ni mudomo wangu, kwenye kiwanja, mbele ya watu wote. Neno lilitoka, likaenda kumutafuta, likamukuta njiani. Nilibeba jambo hilo miaka na miaka, bila kumuambia mutu, mupaka siku nilizaa binti yangu. Mukunga alimuweka mutoto kwenye balansi, akasema, "Kilo tatu na nusu!" Na Mama, mwenye alikuwa amesimama pale na maji ya moto, akacheka. Kile kile kicheko cha chini ya kalitusi. Mara hii alikuwa karibu yangu, nikaona uso wake. Hakikuwa kicheko.

Nikalia, nikamuambia yote. Mudomo, neno, Papa. Mama aliweka beseni chini.

"Weye ni mujinga," akasema. "Mudomo wa mutoto hauuwi mutu. Vita njo iliuwa." Halafu akakaa kwenye kitanda, akaanza kukunja kikwembe cha mutoto, anakikunja, anakikunjua. "Mimi pia nilisikia hivyo hivyo. Karani aliposema kilo imeisha, na mimi nilijua maana ya balansi, mimi mutu mukubwa, nilimusikia anasema Kilo ya baba yako. Miguu yangu ilikataa kupanda ile ngazi. Lakini mutu mukubwa hawezi kukimbia akilia kwenye kiwanja. Weye ulikimbia kwa ajili yetu wawili."

Mama sasa hayuko. Noko hayuko. Kilo iko, haikuisha, wangali wanachimba. Juzi mume ya binti yangu alinionyesha kwenye simu yake: Bunia na Beni kwa ndege, mustari umenyooka, na dakika zimeandikwa. Nikamuambia, simu yako haijui kitu, ni bugali moja, na bugali ile mimi niliila siku kumi na moja.

Mujukuu wangu tulimupa uji wa soya na karanga, juma tatu, asubuhi na jioni, mimi mwenyewe nakoroga, sikumuachia mutu mwiko. Jana tulirudi kwa muganga. Akamutundika tena. Mutoto hakupiga miguu, alining'inia pale, munene, anaangalia watu kama shefu wa kijiji. Mushale ukaenda, ukaenda, ukasimama. Muganga akacheka.

"Tate, furahi! Kilo imerudi!"

Wamama wote kwenye benchi waliniona. Sijali. Nilisimama, nikageuka kwenye mulango, na miguu yangu, hii mirefu, ilikuwa imekwisha kupiga hatua mbili kwenda kugusa mufuko.